Chati ya chembe au chemba ya mvuke: uanze na ipi darasani?

Walimu wengi wa fizikia huanza na chati ya chembe za msingi, yaani zile ndogo kabisa zinazounda maada na kubeba kani: kwaki sita, leptoni sita (elektroni, myuoni na nyutrino zimo humu), vibeba-kani vinne, na bosoni ya Higgs iliyogunduliwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, mwaka 2012. Jumla chembe 17. Haina gharama, na mwanafunzi anaona papo hapo kwamba fotoni hubeba kani ya sumakuumeme na gluoni hufunga kwaki ndani ya protoni. Lakini majina 17 kwa mpigo yanachosha. Tena uvutano, kani anayoijua tangu alipoanguka akijifunza kutembea, haumo kwenye chati.

Chemba ya mvuke, chombo kinachoonyesha njia za chembe zinazopita ndani yake, inataka maandalizi: chombo cha kioo, kitambaa kilicholoweshwa spiriti, bamba jeusi la chuma juu ya barafu kavu (kabonidioksidi iliyoganda), na tochi. Barafu hiyo ina nyuzi 78 chini ya sifuri, kwa hiyo vaa glavu nene, fungua madirisha, na moto usikaribie. Zima taa, subirini. Ghafla nyuzi nyeupe zinachoreka na kufifia: fupi nene ni ya chembe ya alfa (kiini cha heli), inayopindapinda ni elektroni, ndefu iliyonyooka huenda ni myuoni iliyozaliwa juu angani. Kwa chemba ya mvuke ya muundo mwingine, mwanafizikia Carl Anderson aligundua pozitroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, mwaka 1932.

Kwaki hutaziona humo, wala nyutrino. Hata hivyo mimi huanza na chemba, chati kesho yake. Aliyeona uzi wa myuoni huitafuta mwenyewe kwenye chati, kisha anauliza mbona ni nzito kuliko elektroni mara 200 hivi.