Kamera nyepesi ya simba, ya vunjajungu na ya safari: Canon R10 au OM-5?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo hapa mezani nina seti mbili, kushoto Canon R10, kulia OM System OM-5, zote zilitoka 2022 kwahiyo hata used zake zishaanza kuzunguka mjini, na swali ni lile lile mnaloniuliza kila siku, nataka kupiga wanyama, nataka kupiga wadudu, nataka kusafiri nayo, na mgongo wangu sitaki uumie, ninunue nini. Jibu natoa mapema ili mwenye haraka asipoteze bando: kama wewe ni mtu wa mbugani kwanza chukua R10 na lensi ya kuvuta mbali ya RF 100-400, halafu wadudu utawapiga kwa lensi hiyo hiyo ukiibandika kioo kidogo mbele nitakachowaonyesha hapa chini. Kama wewe ni mtu wa msituni, wa kutembea kwa miguu kwenye mvua ukitafuta vinyonga na uyoga, chukua OM-5 na makro yake ya 60mm, yaani lensi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Haya, waliobaki tuendelee.

Kwanza tuweke mzani. R10 ikiwa na betri na kadi ni gramu 429. Lensi 100-400 gramu 635. Lensi ya kutembelea, 18-150, gramu 310. Jumla 1,374. Huku upande wa pili OM-5 gramu 414, lensi ya 75-300 gramu 423, makro ya 60mm gramu 185, na ya kutembelea, 12-45 ya f/4, gramu 254, jumla 1,276. Yaani seti nzima, kila upande, haifiki kilo moja na nusu. Sasa ile Canon RF 600mm f/4 mnayoiona kwa wazungu imevikwa nguo ya kijani juu ya paa la Land Cruiser, yenyewe peke yake, bila kamera, ni kilo tatu na zaidi. Na kama unaruka na vile vindege vidogo vya kwenda Serengeti au Ruaha, mzigo wako wote kwa kawaida ni kilo 15, tena kwenye begi laini, na humo ndimo zinamokaa nguo, viatu, chaja na kila kitu, sasa ukishatoa kilo tano za lensi na tripodi utavaa nini huko?

Hapa nataka mnielewe kitu kimoja, watu wanahangaika na bodi, yaani kamera bila lensi, oh hii bodi ina gramu ngapi ile gramu ngapi, wakati bodi zote hizi zinakaribiana tu. Uzito uko kwenye lensi. Na lensi inakuwa nyepesi kwa sababu moja, kuna mwanga wamekunyima. Hii 100-400 ukizumu mpaka mwisho ni f/8, na namba hii ikikua mwanga unaoingia unapungua. Nane! Ile ya kilo tatu ni f/4, yaani inaingiza mwanga mara nne ya huu. Kwahiyo saa 12 na nusu asubuhi pale Mikumi, jua ndo kwanza linachungulia, simba wako barabarani wanakwenda kulala, wewe na f/8 yako utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 6400 hata zaidi ili upate shata ya 1/500 ya sekunde, na picha itakuwa na chengachenga, ndiyo noizi hiyo. Mimi nasema poa tu, maana programu za siku hizi za kusafisha noizi zinafanya kazi nzuri sana, na picha yenye chenga ni bora kuliko picha ambayo hukupiga kwasababu lensi uliiacha nyumbani kwa uzito. Mwingine hatakubali hapa, na ana haki yake, kama unauza picha za chui wa alfajiri basi kavunje kibubu ununue kubwa.

Sasa msidanganyike na namba za upande wa pili. 75-300 ya OM ikifika mwisho ni f/6.7, kwenye karatasi ni nzuri kidogo kuliko f/8, lakini sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo zaidi, kwahiyo ukija kwenye noizi faida inaliwa yote. Kinachobaki ni urefu, na huko wako karibu sawa: 400 ya Canon kwenye sensa ya R10 inakuvuta kama 640mm, 300 ya OM inakuvuta kama 600mm. Tofauti hiyo huioni kwa macho.

Tofauti unayoiona ni fokasi. R10 ukiiwekea kutambua wanyama inashika jicho la ndege, inashika jicho la swala, na inaling'ang'ania hata akipita nyuma ya majani. OM-5 haina huo utambuzi wa wanyama, ule wameuweka kwenye kaka yake OM-1 ambayo ni nzito na bei yake imepanda juu. Keremkerem akiruka kutoka kwenye tawi kufuata nyuki, na R10 una nafasi, na OM-5 unaomba Mungu. Ila angalizo kwa wa R10: inapiga picha 15 kwa sekunde kwa shata ya kawaida na 23 kwa ile ya kimya, na ile ya kimya mabawa ya ndege anayepiga mbawa haraka yanatoka yamepinda kama ndizi. Kwa ndege anayeruka tumia shata ya kawaida, ya kimya weka kwa mnyama aliyetulia. Na bafa yake, kumbukumbu ya muda ya kamera, inajaa haraka ukipiga RAW, zile faili kubwa ambazo hazijabanwa kuwa JPEG, kwahiyo usiishikilie batani kama unamwaga maji, gusa, achia, gusa tena.

Mbugani tripodi iacheni jamani, ndani ya gari utaiweka wapi. Beba mfuko mtupu wa kitambaa wenye zipu, unakunjika unakaa mfukoni, halafu mkifika mji wa mwisho kabla ya geti nunua maharage au mchele kilo mbili, jaza, weka kwenye dirisha au kwenye kingo za paa, lensi inalala juu yake. Ukitoka mbugani mpe dereva akapike. Na huyo huyo dereva mwambie kwa heshima, kaka naomba uzime injini, maana hata ukiwa na lensi yenye kutuliza mtikisiko, gari likinguruma picha ya 640mm inatetemeka. Na saa sita mchana mnyama akiwa mbali pumzika tu, joto linapanda kutoka ardhini picha inakuwa mawimbi mawimbi, hakuna lensi ya bei yoyote inayotibu hiyo.

Haya, wadudu. Hapa ndipo penyewe.

Wengi wanajua makro ni lazima lensi ya makro. Sasa hii 100-400 kiwandani wameipa kitu ambacho watu hawakisemi sana, inafokasi karibu, mita moja na kidogo hivi, na ukiwa 400mm inakupa ukubwa wa 0.41. Maana yake ni hivi, kitu cha sentimita tano na nusu kinajaza fremu upana mzima. Hapo kipepeo mkubwa, kinyonga, chura, umemaliza, tena umesimama mbali hujamkimbiza. Ukitaka kuingia ndani zaidi ndo inakuja hii. Raynox DCR-150. Kioo kidogo, kina vibanio viwili pembeni, unavibonyeza, unabandika mbele ya lensi, klik. Kinaingia kwenye lensi yenye uzi wa mbele wa kipenyo cha mm 52 mpaka 67, na hii 100-400 ni 67, imepita kwenye tundu la sindano. Sasa ukiwa nacho, 200mm inakupa karibu saizi halisi, yaani 1:1, mdudu na taswira yake kwenye sensa vinalingana, kama makro ya kweli, na 400mm inakupa karibu mara mbili, mdudu wa milimita 12 anajaza fremu kutoka ukingo mpaka ukingo. Mdudu anakaa kama sentimita 20 mbele ya kioo. Unabadilisha ukubwa kwa kuzumu tu, kitu ambacho mwenye makro ya kawaida hana.

Bei yake unalipa kwenye kina cha fokasi, yaani sehemu inayotoka safi inakuwa nyembamba sana. Ukiwa 400mm, jicho la vunjajungu liko safi, mikono yake ya mbele tayari imefifia. Kwahiyo funga mpaka f/11 au f/16, na ukifunga hivyo lazima flashi, na ile flashi ya R10 ya kuinua juu ya kamera kwa lensi ndefu haifai, lensi inaweka kivuli chake juu ya mdudu. Chukua flashi ndogo kama Godox TT350, inakula betri mbili za AA, ivalishe kipande cha ile foamu nyeupe nyembamba inayofungiwa runinga mpya, kitokeze kwa mbele kije juu ya kioo. Mwanga unakuwa laini, mgongo wa mende haung'ai kama paa la bati.

Lakini nitakuwa mnafiki nisipowaambia, kwa mtu wa wadudu tupu OM-5 ni raha zaidi. Ile 60mm ni gramu 185, inakwenda saizi halisi bila kubandika chochote, bodi yenyewe inatuliza mtikisiko ndani kwa ndani, wakati R10 ndani haina kitu inategemea lensi, halafu OM-5 inapiga picha kadhaa ikisogeza fokasi kidogo kidogo na kuziunganisha yenyewe humo humo, unapata mdudu mzima safi. Na imezuiwa maji na vumbi, IP53. Nendeni Amani kule Muheza, msitu wa Usambara Mashariki, ukungu umeshuka, majani yanadondosha maji saa zote, unazunguka usiku na tochi kutafuta vinyonga waliolala kwenye ncha za matawi, hapo utajua kwanini kinga ya maji ina maana. Angalizo, ni bodi, 60mm na 12-45 ndo zina kinga, 75-300 haina. Na chaji yake ni ule waya wa USB wa zamani, mdogo wa zile simu za kale, beba wako maana kambini hutaupata kwa mtu. R10 ni USB-C, ila pawa benki iwe ya PD (Power Delivery, imeandikwa juu yake), ya kawaida itaikatalia. R10 wala 100-400 hazina kinga ya maji, kwahiyo weka kofia ya kuogea kwenye begi, ile ya hotelini, inavalishwa kamera mvua ikianza, maana mifuko ya plastiki si mnajua hapa Tanzania ilishapigwa marufuku toka Juni 2019.

Kuna watakaosema mbona Nikon P950, zumu inafika 2000mm na ni kilo moja tu kila kitu. Ndiyo, jua likiwaka inapendeza, hasa kwa mzee wangu anayetaka kumwona ndege tu aandike jina. Sensa yake ni kama ya simu, jua likizama na yenyewe imezama.

Mkinunua used, na hasa ninyi wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, washa tochi ya simu, ipitishe nyuma ya lensi, angalia kwa mbele kwa pembe. Vumbi kidogo siyo kesi. Ukiona vinyuzi vyeupe vimesambaa kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, rudisha, hata akupunguzie nusu. Na ya kwako ukifika nayo nyumbani isikae kwenye begi kabatini, weka kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana na silika jeli, vile vipakti vya kunyonya unyevu, ukibadilisha silika ikishanyonya.

Na Raynox, hakikisha ni 150. Ipo na 250, hiyo ina nguvu zaidi, ukiiweka kwenye 400mm inakupeleka zaidi ya mara tatu na mikononi hutaiweza, ila kama ushainunua usiitupe, ibandike kwenye 18-150, ukizumu mpaka 150 inakupa saizi halisi na kidogo juu, uzi wake ni 55 inaingia bila shida.