Kamera ya picha na video: kabla ya yote, kagua tundu la HDMI

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko wowote kutoka kwa wasomaji huwa hivi: "Dada, nimenunua kamera, picha safi, video safi, ila nikiunganisha na skrini ya ukumbini inakatakata. Nibadilishe waya?" Wengi wanaoniuliza hivyo wameshabadilisha waya. Wamemlaumu jamaa wa skrini, wamezozana na MC mbele ya kamati, na mwisho wa siku fundi wa Kariakoo anafungua kamera na kuwaambia waya hauna kosa, kilichokufa ni tundu la HDMI, lile la kupeleka picha ya kamera kwenye skrini.

Kwa hiyo leo sitaandika habari za megapikseli. Kamera zote nitakazozitaja zina 24 au zaidi, na albamu ya harusi haihitaji kuzidi hapo. Autofokasi (kamera kujilengea yenyewe) inayofuata jicho la mtu ilikuwa habari mwaka 2018, leo hata kamera ya bei ya chini inayo. 4K, ile video ya uwazi wa juu, vilevile. Kama unataka mirolesi moja, kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo ndani, ikufanyie kazi zote mbili, yaani picha za mnato asubuhi bibi harusi akivishwa na video usiku ukumbini, tazama kwanza ubavuni mwa kamera, chini ya kile kifuniko cha mpira ambacho muuzaji huwa hakifungui.

Kwenye kamera HDMI huja kwa saizi tatu. Kuna kubwa, ileile ya kwenye televisheni, yenye upana wa karibu milimita 14. Kuna mini. Halafu kuna maikro, yenye upana wa milimita 6 hivi, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Zote tatu zina pini 19. Hebu fikiria pini 19 zimebanwa kwenye milimita 6, kisha unachomeka waya mzito wa mita tano, nao unaning'inia, huku wewe unazunguka meza kuu na watoto wa maua wanapita chini ya miguu yako. Kila ukigeuka, waya unavuta. Tundu lenyewe limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu ya kamera. Likilegea, picha inaanza kuwaka na kuzima, kisha inapotea kabisa. Fundi mwenye hadubini na mkono mtulivu anaweza kulichomelea upya. Asipoweza, utaambiwa bei ya bodi nzima, na ukiisikia utaanza kuulizia kamera nyingine.

Wanaopitia kamera mtandaoni hawalisemi hili kwa sababu wengi wao hurekodi kwenye kadi na kurudi nyumbani. Mpiga picha za mnato anaweza kumaliza miaka bila kulifungua tundu hilo. Kazi za huku kwetu ni tofauti. Send-off bila skrini kubwa siku hizi haipo, na ndugu walioko Muscat na Houston wanataka kuona moja kwa moja. Kamera inaingia kwenye ATEM Mini, mashine inayopokea HDMI saizi kubwa, na kutoka hapo picha inakwenda kwenye skrini na YouTube. Usiniambie utatumia Hollyland ya kurusha bila waya. Hata hiyo inapokea picha kupitia waya mfupi uliochomekwa kwenye tundu lilelile.

Basi, kwa mpangilio wangu mwenyewe.

Ya kwanza ni Panasonic Lumix S5 II. Naipenda Lumix, sifichi, na anayetaka mwongozo usioegemea upande wowote amekosea mlango. Hii ilitangazwa Januari 2023 na ina HDMI kubwa, nafasi mbili za kadi za SD, na feni ndani yake. Feni! Kwenye ukumbi uliojaa watu Februari, kiyoyozi kimezidiwa, kamera isiyo na feni inaweza kukutolea alama ya kipimajoto katikati ya hotuba ya baba. Hii inarekodi mpaka kadi ijae au betri iishe. Ndiyo Lumix ya kwanza kupewa autofokasi ya faze, aina ya kulenga isiyohangaika mbele na nyuma. Zile za zamani, ukimrekodi mtu amesimama, vitu vya nyuma yake vilikuwa vinapumuapumua, na ndiyo maana watu wengi mjini bado wanaidharau chapa hii kwa kosa ambalo limeshasahihishwa. Lenzi inayouzwa nayo, 20-60mm, inaanzia 20 badala ya 24 au 28 ya wenzake, na namba ikiwa ndogo lenzi inaona upana zaidi. Aliyewahi kupiga picha bibi harusi akivishwa kwenye chumba cha Sinza, na mashangazi wamejaa hadi mlangoni, anajua thamani ya hizo milimita chache.

Kasoro zake nazitaja. Ukirekodi 4K kwa fremu 50 kwa sekunde, inakata kingo za picha. Betri inapiga picha 370 kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengeneza kamera wa Japani, wakati ya Sony A7 IV inafika 580, kwa hiyo nunua mbili za akiba siku hiyohiyo. Ni nzito, gramu 740 pamoja na betri na kadi. Na lenzi zake za mlango wa L, yaani aina ya mdomo wa kufungia lenzi, si rahisi kuazima. Sigma wanazitengeneza nyingi na nzuri, lakini ukiharibikiwa Jumamosi saa nane mchana, rafiki atakayekuokoa ana lenzi za Sony au Canon.

Hiyo ndiyo sababu Sony A7 IV inakuja ya pili, tena inaifuata kwa karibu sana. HDMI kubwa, kadi mbili, megapikseli 33, na lenzi zimejaa kila kona: za Sony wenyewe, Sigma, Tamron. Nayo inakata kingo kwenye 4K ya fremu 50. Haina feni, kwa hiyo ingia kwenye menyu, tafuta mpangilio wa kujizima kwa joto, uweke High kabla hujatoka nyumbani, la sivyo itajizima mapema bila sababu ya maana. Sensa yake, kile kipande kinachonasa picha, inasoma taratibu. Ukigeuza kamera haraka kumfuata MC, nguzo za ukumbi zinalala upande. Jifunze kugeuka polepole.

Kwa Sony za mtumba ongeza tahadhari moja. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kubadilisha lugha. Zinaingia nchini, bei yake inavutia, na muuzaji atakuonyesha kila kitu isipokuwa menyu. Mwambie aifungue.

Ya tatu ni Canon EOS R6 Mark II, na hapa roho inaniuma. Kwa video na picha tu, bila kufikiria matundu, huenda ningeiweka juu. 4K ya fremu 50 inatoka kwa upana wote wa sensa, bila kukata. Rangi ya ngozi zetu inatoka vizuri bila kuhangaika kwenye kompyuta. Na kama una lenzi za EF, zile za Canon za zamani za miaka ya 5D, adapta ya Canon inazifanya zifanye kazi kama kawaida, na mjini hapa lenzi za EF ziko nyingi kuliko wenye kuzitumia. Lakini kamera iliyotoka mwishoni mwa 2022 kwa dola 2,499, ikiitwa ya kazi mbili, wakaiwekea HDMI ya maikro! Canon wenyewe waliliona, maana R6 Mark III ya 2025 ina kubwa. Kuja kwa hiyo mpya kunaifanya Mark II ya mtumba iwe na bei ya kuongeleka, na ukiipata, sehemu ya pesa uliyookoa igeuze keji, fremu ya chuma ya kuizungushia kamera. SmallRig wanatengeneza za mfano huohuo zenye kibano cha waya. Kisha chukua waya mfupi wa maikro kwenda kubwa, ubane pale, usiuchomoe tena. Waya mrefu utachomekwa kwenye huo mfupi, nao ndio utakaovutwa na kuchakaa. Hayo yanatumika kwa kila kamera ya maikro nitakayoitaja hapa chini, sitarudia.

Neno jingine kwa Canon: mlango wa RF, wa kamera zao hizi za mirolesi, wameubana mno. Mpaka 2024 ndipo Sigma na Tamron walipokubaliwa kutoa lenzi za autofokasi za RF, tena za sensa ndogo, si za fulu fremu, yaani sensa kubwa kama ya R6. Ukiingia RF bila lenzi zako za zamani, bei ya lenzi zao ndiyo hiyohiyo, ipokee au iache.

Nikon Z6 III ya 2024 ina HDMI kubwa, na sensa yake inasoma haraka kuliko zote tatu za juu, nguzo zinasimama wima. Ningeweza kuitetea. Tatizo ni kwamba nikiulizia lenzi za Z mjini naoneshwa zilezile mbili tatu, na nafasi moja kati ya mbili za kadi inataka CFexpress, kadi za kasi ambazo bei yake ni matusi. Mwenye lenzi za Nikon tayari asisite.

Sony A6700 ni nyepesi, nzuri, ina betri ileile kubwa ya A7 IV. Maikro, na kadi moja. Kwa anayepiga matangazo ya mgahawa au maudhui ya mtandao inatosha. Harusi kwa kadi moja mimi sishauri.

Za bei ndogo, Sony A6400, Canon R50, Sony ZV-E10: zote maikro, zote kadi moja. Kati yake chukua A6400. ZV-E10 II usiipeleke ukumbini kwa picha za mnato, maana haina shata ya mitambo, lile pazia linalofunguka na kufunga kwa kila picha, na taa za LED zitakuchorea mistari.

Ukienda dukani, beba waya wako wa HDMI, na kigeuzi kama kamera ni ya maikro. Duka halikosi televisheni. Chomeka, washa, kisha sukuma kichwa cha waya kidogo juu, chini, kushoto, kulia, huku unatazama skrini. Picha ikipepesa hata mara moja, funga begi lako uage. Kwa kamera ya mtumba kipimo hiki kinakuambia zaidi ya ile hesabu ya shata, yaani idadi ya picha ilizopiga, wanayoitangaza kwa fahari. Kamera inaweza kuwa na shata chache sana kwa sababu iliishi miaka miwili juu ya stendi kanisani, ikirusha ibada kila Jumapili, waya ukiwa umeng'ang'ania tundu muda wote.

Kuna duka nililoomba kufanya kipimo hicho nikaambiwa, "Dada, hiyo kamera ni ya picha, mambo ya TV ya nini?" Jingine walisema nikichomeka nimenunua. Na hawa ndio walewale wa "bei njoo inbox". Nije inbox kufanya nini? Andika bei tuione! Unaingia inbox, kwanza unaulizwa uko wapi na unafanya kazi gani, ndipo bei inatajwa. S5 II ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 2,000 kasoro kidogo, A7 IV na R6 Mark II kwa 2,500 hivi. Naelewa kuna usafiri, kuna forodha, kuna VAT ya asilimia 18. Nisichoelewa ni swali linalofuata, "Unataka na risiti au bila risiti?", tofauti ikiwa laki kadhaa. Ukichukua bila risiti, waranti nayo inabaki maneno ya mdomo. Ukichukua na risiti, isome nyuma kabla hujalipa. Yangu ya mwisho ilikuwa na muhuri wa duka, na chini yake kwa kalamu wameandika: waranti mwezi mmoja, betri na matundu hayahusiki.