Seti ya matengenezo ya kabureta kwa mashine ndogo ya boti: uzoefu wangu

Mashine yangu ni ya farasi 15, silinda mbili, kabureta moja (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), zile za kuchanganya petroli na oili. Ilikaa muda mrefu bila kazi, na iliporudi majini ikaja na vituko: silensa (mzunguko wa taratibu bila kuongeza mafuta) haikai, na ukifungua mafuta ili iongeze mwendo inafifia, inakohoa, kisha inakata. Ila ukiivutia choki nusu inapata nguvu na boti linakwenda. Hilo la choki ndilo lililonielekeza. Choki inapunguza hewa, kwa hiyo mashine inayopona ukiinyima hewa ina njaa ya petroli, na plagi mpya hazitaisaidia.

Sasa, njaa ya petroli si lazima itoke kwenye kabureta, na nadhani seti nyingi za aina hii hununuliwa bure kwa sababu hiyo. Kabla ya kuagiza niliwasha mashine huku nimeshika ile pampu ya mpira iliyo kwenye njia ya mafuta. Ilipoanza kufifia nikaibinya. Mashine ikifufuka kwa kubinywa, tatizo liko kabla petroli haijafika kwenye kabureta: tundu la hewa la kifuniko cha tangi limefungwa, oringi ya kiungio imechoka na inavuta hewa, au kiwambo cha pampu ya mafuta kimelegea. Yangu haikujali kabisa. Nikamimina petroli ya tangi kwenye chupa ya kioo, nikaiacha itulie. Maji yangekuwepo yangejitenga na kukaa chini. Hakuna. Plagi zote mbili zilikuwa zimepauka kwenye ncha, rangi ya mashine inayopata hewa nyingi mno kwa petroli iliyonayo. Hapo ndipo nikanunua seti.

Ndani ya pakiti kuna sili ya bakuli (la petroli, chini ya kabureta), gasketi za kufungia kabureta kwenye injini, sindano ya boya (inayofunga petroli bakuli likijaa) na kiti chake, na oringi chache. Jeti, vile vipande vyenye tundu dogo la kupitishia petroli, hazimo, na tangazo la muuzaji halisemi hivyo. Maelekezo ni picha moja yenye ukungu. Gasketi mojawapo ilikuwa na tundu lililokaa pembeni kidogo. Niliilinganisha na ya zamani, nikaitanua kwa wembe. Usifunge gasketi mpya bila kuilaza juu ya ile uliyoitoa, maana ikiziba njia ya mafuta utaanza kutafuta mchawi upya.

Bakuli lilipofunguka, chini kulikuwa na utando wa kahawia unaonata, na harufu ya petroli iliyochacha. Jeti kubwa niliielekeza kwenye mwanga, nikaona tundu la duara, safi. Jeti ndogo, ile ya silensa, ilikuwa giza tupu. Niliiloweka kwenye dawa ya kabureta, nikaipitisha unyuzi mmoja wa waya wa shaba, kisha nikapuliza kwa hewa ya pampu mpaka mwanga ukatokea. Waya wa chuma au keekee hapana: jeti ni ya shaba laini na tundu lake ni la kipimo, hiyo namba iliyogongwa juu yake ndiyo ukubwa. Skrubu ya silensa niliikaza kwanza mpaka iguse taratibu huku nahesabu mizunguko, ndipo nikaitoa. Bila hesabu hiyo, kuirudisha ni kubahatisha.

Wanaonyunyizia dawa mdomoni mwa kabureta bila kufungua kitu, sijui wanatarajia nini. Dawa haifiki kwenye jeti iliyoziba kiasi hicho.

Kuna ushauri mwingine nauona sana: mashine ikisumbua, ongeza oili. Kitabu cha yangu kinataka 50:1, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Ukizidisha, kila tone linalopita kwenye jeti lina petroli kidogo zaidi, kwa hiyo njaa inaongezeka na plagi zinachafuka juu yake.

Nilijaribu kwanza kwenye pipa la maji, maji yakiwa yamepita usawa wa pampu ya kupoozea, kwa sababu mpira wa ndani ya pampu hiyo huungua haraka ukizunguka mkavu. Silensa ilikaa, na sauti ikawa ya silinda mbili. Lakini pipa halitoi uzito, kwa hiyo mwendo mkubwa niliupima nikiwa ndani ya boti lenye mzigo. Ilipanda bila kusita, choki imerudi ndani. (Kama ya kwako inapiga kelele za juu na boti haliendi, angalia mpira wa kitovu cha propela, seti hii haihusiki.)

Bakuli halivuji na sindano inafunga vizuri mpaka leo. Siku hizi nikitaka kuiweka muda mrefu bila kazi nachomoa mpira wa mafuta, naiacha inywe mpaka izime, kisha nalegeza skrubu ya chini ya bakuli, maana hata ikizima yenyewe hubaki petroli kidogo mle.

Nampa muuzaji nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile gasketi, na kwa kutosema mapema kwamba jeti unajitafutia mwenyewe.