Kupima mbegu Ngamiani: dokta safi, mapokezi sasa...

Kuna kliniki ndogo huku Ngamiani, Tanga, jina nalihifadhi, nilienda kupima mbegu maana mimi na wife tunatafuta mtoto na mimi ni mtu wa fegi. Niwasifu kwanza, wanakwambia mapema ukae bila tendo siku 2 mpaka 7 kabla ya kipimo, na chumba cha kutolea sampo kina kitasa kinachofunga (waliopima kwingine wananielewa). Ila kilichonikosha ni dokta, hakunitisha, alinielewesha taratibu kwamba moshi wa sigara unamaliza vitamini C mwilini ndo maana mvutaji anahitaji kama miligramu 35 zaidi kwa siku kuliko asiyevuta, alafu kwenye tumbaku kuna kadimiamu, metali yenye sumu, inayogombea nafasi na madini ya zinki, na zinki ndo mbegu zinaitegemea, sasa hiyo kinga ya vitamini C na zinki ikipungua mbegu zinakuwa chache, zinaogelea kivivu, hata DNA yake inaharibika.

Nikamuuliza si ninywe tu vidonge huku navuta? Akacheka. Akasema kula machungwa ya Muheza, chaza ukiwapata, la sivyo korosho na maharage, ila bila kuacha fegi ni kujaza maji ndoo iliyotoboka. Na ukiacha leo usitegemee majibu kesho, mbegu mpya zinachukua karibu miezi 3.

Mapokezi ndo wamenichefua, dada anaita kwa sauti "wa mbegu nani?" ukumbi mzima unageuka, jamani! Bei ya kawaida, majibu siku hiyohiyo. Nyota 4.