Mafuta ya mwarobaini nitanunua tena, unga wake hapana

Mwezi wa nane nilinunua vitu viwili kwa muuza dawa za asili pale Mgandini, Tanga mjini: chupa ya mafuta ya mbegu za mwarobaini na mfuko wa unga wa majani yake. Nalima Pongwe, na kila mwaka nusu ya kunde zangu huishia kwa fukusi.

Nianze na kunde, kilo 20. Nilizipeta, nikazianika siku mbili, zilipopoa nikatia kijiko cha chai cha mafuta kwa kila kilo, nikizifikicha kwa viganja mpaka punje zote zikang'aa. Ilinichukua jioni nzima, na mikono ilinuka kitunguu saumu hadi kesho yake. Jana, mwezi wa tano tangu nizipake, nimefungua ndoo. Punje zenye tundu hazikufika kumi! Kiroba cha jirani, ambacho hakikutiwa kitu, kimebaki maganda na vumbi. Fukusi wa kunde hutaga mayai juu ya punje, yale madoa meupe tunayoyaona, na mafuta huyaharibu kabla kifunza hakijatoboa kuingia ndani. Kwa hiyo paka mapema, mara tu baada ya kuvuna. Kifunza akishaingia, umechelewa. Kuhusu uchungu, naziosha kwa maji ya vuguvugu na kumwaga maji ya mchemsho wa kwanza. Wanangu wanakula na nazi bila kulalamika.

Unga nilichanganya na gunia moja la mahindi yaliyopukuchuliwa na kukauka vizuri. Muuzaji aliniapia kwamba hata dumuzi, yule mdudu mtoboa mahindi tunayemwita Scania, hagusi. Mwezi wa tatu tangu nichanganye nikakuta unga wa mahindi umejaa chini ya gunia, na dumuzi wenyewe wanatembea. Iliniuma sana, maana gunia lile lilikuwa chakula chetu cha kufikia masika.

Nimerudi kuangalia anavyouza. Mifuko ni ya nailoni nyeupe, inaning'inia juani kutwa, haina tarehe. Kiini cha mwarobaini huharibiwa na jua, ndiyo maana majani hukaushwa kivulini. Nilimwambia, akanisikiliza. Lakini hata ungekuwa mpya, dumuzi ni mgumu kuliko fukusi, na asimwahidi mkulima mwingine vile.

Chupa ya pili ya mafuta nachukua Jumamosi. Mama analeta choroko zake kutoka Muheza.