PanoMaticLunar ya Glashütte Original: saa nzuri inayorukwa na wakusanyaji

Ninavaa PanoMaticLunar ya kasha la chuma, upana milimita 40, na kwa maoni yangu ni saa chache za bei yake zilizofanyiwa kazi ya mkono kiasi hiki. Hata hivyo, mazungumzo ya saa za Ujerumani yakianza, wakusanyaji hutaja A. Lange & Söhne, wakamaliza na Nomos. Glashütte Original hurukwa, ingawa kampuni zote tatu zinatoka mji mmoja mdogo, Glashütte, katika jimbo la Saxony, kusini mwa Dresden.

Sababu ya kwanza ni historia. Ferdinand Adolph Lange alianzisha kazi ya saa Glashütte mwaka 1845. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya pale vilitaifishwa, na mwaka 1951 vikaunganishwa kuwa shirika moja la umma, GUB. Glashütte Original ndiyo mrithi wa shirika hilo. Jina la Lange lilifufuliwa mwaka 1990, likatoa saa zake za kwanza mwaka 1994, na hadithi ya ufufuo huo inauzika kirahisi. Kiwanda kilichoendelea kufanya kazi miaka yote ya Ujerumani Mashariki, kikitengenezea watu wa kawaida saa kama Spezimatic, hakipewi heshima hiyo. Mimi naona ndicho kinachostahili sifa zaidi, kwa sababu ujuzi haukukatika pale.

Kisha mwaka 2000 Swatch Group, kundi la kampuni za saa la Uswisi, ikainunua Glashütte Original, na ndani ya kundi hilo tayari kuna Breguet na Blancpain, zenye majina makubwa. Tena matoleo yake ni mengi yasiyofanana: Pano, Senator, SeaQ, Sixties, Seventies. Mtu akiona Lange 1, saa maarufu zaidi ya Lange, kwa mbali anaijua. Ya Glashütte Original hana sura moja ya kukumbuka, basi anaenda kutazama orodha ya bei za saa zilizotumika, anaona zimeshuka, anahitimisha kwamba saa yenyewe ni hafifu.

Geuza saa utazame mgongo. Mashine ni 90-02, inajitia ufunguo kwa rota (kipande kizito kinachozunguka mkono ukisogea), inapiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara 8 kwa sekunde. Rota imewekwa kando badala ya katikati, ina uzito wa dhahabu ya karati 21, na kwa kuwa iko kando haifuniki balansi, yaani gurudumu linaloyumba huku na huku kupima muda. Daraja linaloshikilia balansi limechongwa nakshi kwa mkono, na juu yake zimelala springi mbili zilizopinda mithili ya shingo ya bata maji, zikitazamana. Watu hudhani ni pambo. Kila moja ina skrubu yake: moja inaongeza au kupunguza mwendo wa saa, nyingine inasawazisha mdundo ili "tik" na "tak" ziachane kwa muda ulio sawa. Fundi anaweza kugusa kimoja bila kuvuruga kingine.

Tarehe nayo inastahili neno. Tarakimu zake kubwa zinabebwa na visahani viwili vilivyolala usawa mmoja, kimoja ndani ya kingine, kwa hiyo hakuna kijiti cha kugawa dirisha wala tarakimu moja kuzama kuliko mwenzake. Tarehe kubwa ya Lange ina kijiti hicho.

Udhaifu wake mkubwa kwangu ni akiba ya saa 42 tu, yaani muda inaotembea bila kuvaliwa. Ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili mchana imesimama, na kuipanga upya kuna utaratibu. Tia ufunguo mizunguko 20 hadi 30. Shusha mshale wa saa hadi kwenye 6, ili meno ya tarehe yawe mbali. Ukilazimisha tarehe wakati mashine inakaribia kuibadilisha yenyewe, tuseme kati ya saa mbili usiku na saa nane usiku, unaweza kuvunja jino. Weka tarehe ya jana kwa kitufe kilichozama ubavuni, kisha sogeza mishale mbele hadi tarehe iruke. Hapo umejua ni usiku wa manane. Endelea mbele hadi saa halisi. Bonyeza kwa kijiti cha mbao au kifaa kilichokuja na saa. Pini ya chuma ikiteleza inaacha mkwaruzo kwenye kasha.

Mwezi upange mwisho. Bonyeza hadi dirisha lionyeshe mwezi mpevu, kisha ongeza siku zilizopita tangu ulipojaa. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hana haja ya kutafuta jedwali: kama ulijaa usiku wa 14 na leo ni tarehe 20, bonyeza mara 6. Ila dirisha hili linafuata wastani wa siku 29 na nusu na kidogo. Halitangazi mwandamo, hiyo bado ni kazi ya macho.

Asiyetaka usumbufu huu atazame Senator Excellence yenye mashine ya 36: akiba ya saa 100, na springi ya unywele (ile nyembamba inayoyumbisha balansi) ya silikoni isiyoshikwa na sumaku. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi unaikuta inatembea. Ya 90-02 iepushe na spika na kufuli za sumaku za mikoba. Ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, usikubali ifunguliwe kabla haijaondolewa sumaku.

Unene wa PanoMaticLunar ni milimita 12.7, na mkono mwembamba wa shati unakwama. Kinga ya maji ni mita 50: kunawa sawa, kuogelea hapana. Joto la pwani na jasho humaliza mkanda wa ngozi upesi, kwa hiyo weka wa mpira kwa siku za kawaida.

Kwa anayenunua iliyotumika, uliza nani aliifungua mara ya mwisho. Bamba la robo tatu, linaloziba sehemu kubwa ya mashine, hufunika magurudumu kadhaa kwa pamoja, na wakati wa kulirudisha ncha zote za magurudumu lazima ziingie kwenye vito vyake (vijiwe vyenye tundu la kushikia ncha) kwa mpigo mmoja. Fundi mwenye haraka akibonyeza mapema, ncha inavunjika. Chukua lupu, kioo cha kukuzia cha mafundi, ukague skrubu za buluu: mfuo wa kichwa uliochubuka au rangi iliyobanduka pembeni ni alama ya bisibisi isiyofaa. Kagua pia nakshi ya daraja la balansi, kwa sababu mkwaruzo pale haung'arishwi bila kufuta mchoro wenyewe. Ukiuona, omba bei ishuke au acha.