Seti ya kugeuza vitabu vya zamani kuwa vya kuchorea na kubandika vitu, nimeitumia miezi mitatu

Haya jamani, naleta uzoefu wangu maana mi mwenyewe kabla sijanunua nilitafuta maoni ya watu nikakosa. Ndani kuna kopo la jeso, ile rangi nyeupe ya kupaka chini kabla hujachora, gundi nyeupe, brashi mbili na kisu cha kukatia karatasi. Kitabu unajitafutia.

Mi nilichukua cha uhasibu kilichopitwa na wakati, kava gumu, kimeshonwa kwa uzi, na hapo kwenye uzi muwe makini, vile vya gundi tupu mgongoni ukichana karatasi kadhaa vinaachia vyote. Na kuchana utachana tu, la sivyo ukishabandika makorokoro yako kitabu kinavimba hakifungi tena, mi natoa karatasi moja katika kila tatu hivi na naacha kipande kidogo pale kwenye mshono.

Jeso naipa tano kwa tano. Ukiipaka nyembamba maandishi yanachungulia kwa chini, na yaani hiyo ndo imenitibu, kwa sababu miaka yote nikinunua daftari zuri la kuchorea nalifungua nalitazama nalifunga, naogopa kulichafua, sasa hili limeshajazwa wino na mtu mwingine tena mahesabu matupu, uogope nini? Siku moja nikafunika ukurasa mzima kwa rangi nyeusi nikabakiza maneno manne tu, "mali isiyoshikika huchakaa taratibu". Nilikuwa nimetoka kuachana na mtu. Sikutunga hata neno moja pale ila nililitazama jioni nzima. Kulikuwa na msanii wa Uingereza, Tom Phillips, alianza mwaka 1966 na riwaya moja ya 1892 akawa anazichora na kuzirudia kurasa zake kwa miaka kama 50, zamani ningesema huyu hana kazi, sasa namuelewa.

Gundi ndo sijaipenda, ina maji mengi, karatasi zinajikunja. Usiku mmoja nilisahau kuweka karatasi ya nta katikati, asubuhi kurasa zaidi ya ishirini zimekuwa ubao. Nikakasirika weee, afu nikaukata huo ubao dirisha, ndani nikaweka ufunguo wa ile nyumba niliyohama, na mpaka leo ndo sehemu watu wanaishika wakikifungua.

Kisu butu, nunueni kingine.